Tuleteeni Kichupa cha Mtoto

Waraka wa wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali, Wizara ya Afya, Dodoma

YAH: JENTAMAISINI YA MSHIPA KWA WATOTO WACHANGA WENYE SEPSISI

Ndugu Mganga Mkuu,

Anayekuandikia ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Kwa utaratibu ningeyapitisha maneno haya kwa Mganga Mfawidhi, yeye ayapeleke wilayani, wilaya iyapeleke mkoani, na mwaka ungekwisha yakiwa bado yanagongwa mihuri. Nimeyaweka hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la hospitali moja, na kwa sababu wazazi wa watoto hawa nao wana haki ya kulisikia.

Ombi langu ni moja, nalitaja mapema. Wodi za watoto wachanga zipewe jentamaisini ya miligramu 20 katika kichupa cha mililita 2, na ile ya miligramu 80 katika kichupa cha ukubwa uleule iondoke kabisa kwenye makabati yao.

Mtoto mchanga haugui sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyoingia damuni, kwa kelele. Mtu mzima hutetemeka, huweweseka, ndugu wakakimbizana kutafuta bodaboda. Mtoto wa siku tatu huacha tu kunyonya. Mama anakwambia, "Sista, tangu alfajiri hajashika ziwa." Ukimgusa miguu imepoa, amelegea, anapumua harakaharaka, na joto linaweza kuwa limeshuka badala ya kupanda. Kuanzia hapo saa inakimbia. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 wa kutibu sepsisi kwa watoto unataka mtoto aliyeingia kwenye mshtuko apate dawa ya kuua bakteria ndani ya saa moja tangu tatizo ligunduliwe, na asiye kwenye mshtuko ndani ya saa tatu.

Dawa tunazoanza nazo ni mbili, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza: ampisilini au penisilini, pamoja na jentamaisini. Wodini tunaiita jenta. Iligunduliwa 1963, ni ya bei nafuu, inaua bakteria wengi wanaomsumbua mtoto mchanga, na Shirika hilo limeiweka kwenye kundi la dawa zinazopaswa kupatikana kila mahali. Imewaokoa watoto wengi mbele ya macho yangu, kwa hiyo mama yeyote anayesoma hapa asije akamkatalia mwanawe sindano kwa sababu yangu. Sepsisi isiyotibiwa huua haraka kuliko dawa yoyote iliyomo kabatini kwetu.

Ila jenta haitaki mzaha kwenye kipimo. Mwili hauivunjivunji, hutoka kama ilivyoingia, kupitia figo, na figo za mtoto mchanga, hasa njiti, bado hazijakomaa. Ikizidi au ikirudiwa kabla ya wakati, hujikusanya kwenye figo na kwenye chembe laini za sikio la ndani. Figo mara nyingi hupona. Chembe za sikio zikifa hazioti tena, na mtoto anabaki na ukiziwi wa maisha. Ikipungua nayo ni hasara, kwa kuwa nguvu yake ya kuua hutegemea kufika kwa wingi damuni mara moja. Dozi ndogo humwacha bakteria hai na mtoto akiwa hoi.

Sasa uje mezani kwetu saa nane usiku. Mtoto njiti, siku ya pili tangu azaliwe, uzito kilo 1.6. Dozi yake kwa wiki ya kwanza ni miligramu 3 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, jumla miligramu 4.8. Kichupa kilichopo kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Gawanya 4.8 kwa 40: mililita 0.12. Sirinji zilizopo ni za mililita 2 na za mililita 5. Kwenye ile ya mililita 2, kistari kidogo kabisa ni mililita 0.1. Dozi ya mtoto huyu ipo juu kidogo ya kistari cha kwanza, mahali pasipo na alama yoyote, na taa ya wodi unaijua.

Hesabu yenyewe mtu anaifanya kwenye kikokotoo cha simu. Akikosea nukta, 0.12 inakuwa 1.2. Akiandika ".12" bila sifuri mbele na karatasi ikawa na mkunjo, anayesoma anaona 12. Na mwenye kuhesabu ana watoto wengine wanaosubiri maziwa ya mrija, mmoja yupo kwenye oksijeni, na mama wa kitanda cha mwisho anaita.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kabisa, nalo humpata hata aliyehesabu sawasawa. Ncha ya sirinji na kitako cha sindano hubaki na dawa ndani yake, pengine mililita 0.05, pengine 0.1, kutegemea aina. Muuguzi anavuta 0.12 yake vizuri, kisha kwa sababu ni tone tu anavuta maji juu yake kwenye sirinji ileile ili apate ujazo wa kusukuma polepole. Ile dawa iliyokuwa imejificha kwenye ncha inapanda pamoja na maji. Mtoto anapata dozi na nusu, au zaidi, na kwenye chati imeandikwa dozi moja. Hakuna semina inayomtoa mtu kwenye mtego huu kwa kumwambia awe makini; alikuwa makini.

Wenye ujanja huazima sirinji ya insulini kutoka wodi ya wakubwa. Ile imegawanywa kwa yuniti 100 katika mililita moja, hivyo 0.12 inasomeka yuniti 12. Inafaa sana, mpaka zamu ya asubuhi ikute "12" imeandikwa pembeni ya faili bila kusema 12 ya nini.

Njia iliyo salama zaidi, tuliyofundishwa na tunayoifuata mikono ikitosha, ni kuzimua. Unachukua mililita 1 ya jenta kutoka kwenye kichupa cha 80, unaongeza mililita 3 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, unapata miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto wetu sasa anahitaji mililita 0.48, kipimo ambacho sirinji ya mililita 1, ikipatikana, inakionesha bila ubishi. Lakini tazama tulichofanya hapo. Tumetengeneza kwa mkono, usiku, bila lebo, kitu kilekile ambacho viwanda vinakiuza kikiwa tayari kwenye kichupa chenye lebo. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inataja nguvu zote mbili za sindano ya jentamaisini, miligramu 10 kwa mililita na miligramu 40 kwa mililita. Ya kwanza ndiyo inayomfaa mtoto mchanga. Dawa kuwa kwenye orodha ni jambo moja, kufika wodini ni jambo lingine.

Nisimulie kisa kimoja, na hospitali sitaitaja. Mtoto wa uzito huohuo wa kilo 1.6, muuguzi mmoja zamu nzima, nukta ikahama. Ikaingia mililita 1.2, yaani miligramu 48, mara 10 ya dozi. Aligundua mwenyewe alipokuwa anajaza chati, akamwita daktari palepale, dozi ya kesho yake ikazuiwa, mkojo ukapimwa kila saa, damu ikapelekwa maabara kuangalia figo. Figo zilihimili. Masikio hayakupimwa kwa sababu hapakuwa na cha kuyapimia. Wiki iliyofuata muuguzi akapewa barua ya kujieleza. Akajieleza. Baada ya hapo ikaandaliwa semina ya siku moja ya hesabu za dozi, na chai na sambusa, na tukarudi wodini tukakuta kabatini kichupa kilekile cha miligramu 80.

Mimi sina ugomvi na semina, ila nataka uone barua ile iliandikiwa nani. Kichupa hakikuulizwa chochote.

Kosa la mara 10 kwa mtoto yule lilitoshea ndani ya kichupa kimoja, na ikabaki dawa ya kuwapa watoto wengine sita kwa dozi sahihi. Hakuna kilichomsimamisha muuguzi. Kama kichupa kingekuwa cha miligramu 20, kosa lilelile lingemtaka avute mililita 4.8, na kila kichupa kina mililita 2. Angefungua cha kwanza, akakimaliza, akafungua cha pili, akakimaliza, akanyoosha mkono kuchukua cha tatu kwa ajili ya mtoto wa kilo moja na nusu. Hapo hata aliyekesha siku mbili anasita na kumwuliza mwenzake. Huo ndio ulinzi ninaouomba, usiotegemea kama mtu amelala au hakulala, amesoma diploma au cheti.

Na jambo hili si geni duniani. Uingereza, 2002, wakala wao wa usalama wa wagonjwa alipotoa onyo lake la kwanza kabisa, lilihusu potasiamu kloraidi iliyokolea, dawa ambayo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa husimamisha moyo. Onyo halikuishia kuwaambia wauguzi wasome lebo vizuri. Liliagiza vichupa viondolewe kwenye makabati ya wodi za kawaida na dawa ije ikiwa imeshazimuliwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani nalo lilianzisha kampeni yake ya Dawa Bila Madhara, ikilenga kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika, na mwezi Mei mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio kuhusu sepsisi. Kabla ya hapo, 2012, tume ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeorodhesha bidhaa 13 za kuokoa maisha ya kina mama na watoto, na sindano za kutibu sepsisi ya mtoto mchanga zilikuwemo. Makaratasi tunayo ya kutosha.

Najua utakachoambiwa na watu wa ugavi, kwa sababu mfamasia wetu aliniambia hivyohivyo: kuweka nguvu mbili za dawa moja ghalani ni kuzaa kosa jipya. Ana hoja. Siku moja cha 80 kitapotea njia kiingie wodi ya watoto, muuguzi aliyezoea cha 20 avute 0.48, na hiyo itakuwa mara 4 ya dozi. Ndiyo maana ombi langu lina mguu wa pili: cha 80 kisikae kwetu kabisa, wala kwenye trei ya dharura, wala "cha akiba." Kinyume chake hakinipi hofu. Cha 20 kikipotelea wodi ya wakubwa, mgonjwa anayehitaji miligramu 240 atahitaji vichupa 12. Nani atavunja vichupa 12 bila kuuliza? Oda ziwe na mistari miwili tofauti, maboksi yatofautiane kwa rangi, na stoo ya hospitali isiruhusiwe kutupatia kimoja badala ya kingine kwa kisingizio kuwa "ni jenta hiyohiyo."

Bei sitaijadili kwa tarakimu, hiyo ni kazi ya Bohari ya Dawa. Nasema tu kwamba sasa hivi tunatumia mililita 0.12 ya kichupa na kilichobaki tunakimwaga, au, tukiwa wakweli, tunakihifadhi kwenye friji na plasta juu yake tuje tukitumie kesho. Kichupa kisicho na kihifadhi, kilichotobolewa na kurudiwa kutobolewa, kinaweza kumpelekea mtoto bakteria wale wale tunaowafukuza. Kichupa cha 20 huacha mabaki machache zaidi ya kutamanisha.

Yapo mengine yanayokwenda pamoja na ombi hili, nitayapitia haraka.

Sirinji za mililita 1 zenye vistari vya 0.01 ziwe sehemu ya oda ya wodi ya watoto wachanga, zisihesabiwe kama anasa. Bila hizo, hata kichupa sahihi kitapimwa kwa kubahatisha.

Jedwali la dozi kwa uzito libandikwe mezani, si ofisini kwa mfawidhi. Wakenya wana kijitabu chao cha itifaki za watoto kinachoingia mfukoni, chenye majedwali ya dozi kulingana na uzito na umri, na nimewaona wauguzi wao wakikichomoa bila kuona haya. Jedwali letu lioneshe kilo upande mmoja na mililita za kichupa cha 20 upande wa pili, kwa sababu kinachoingia kwenye sirinji ni mililita. Lionyeshe pia kwamba mtoto wa chini ya kilo 2.5 anapata miligramu 3 kwa kilo katika wiki ya kwanza, mwenye uzito wa kawaida anapata 5, na wiki ya kwanza ikipita dozi inapanda hadi 7.5. Na kwamba mtoto akipungua uzito siku za mwanzo, kama wengi wanavyopungua, tunaendelea kuhesabu kwa uzito wa kuzaliwa mpaka aurudie.

Kuna suala la saa. Ampisilini ya wiki ya kwanza hutolewa kila baada ya saa 12, jenta kila baada ya saa 24. Dawa mbili zinazoanza pamoja saa 12 jioni zinamkuta muuguzi wa saa 12 asubuhi akiwa na faili lenye majina mawili, na ni rahisi mno kuzitoa zote mbili. Chati zetu zina visanduku vya saa vinavyofanana. Kisanduku cha jenta kwa upande wa asubuhi kingechapishwa kikiwa kimezibwa kwa wino mweusi, tatizo hili lingepungua bila kumlipa mtu posho. Dawa hizo mbili pia zisichanganywe kwenye sirinji moja, maana ampisilini huidhoofisha jenta. Kati yazo kanula isafishwe kwa maji ya chumvi, na jenta isukumwe polepole kwa dakika kadhaa au ipite kwenye dripu ya nusu saa.

Wapo watakaosema tuachane na jenta, tutumie seftriaksoni, kichupa cha gramu moja, haina masikio wala figo za kuhofia. Nawaomba sana wasitufikishe huko. Seftriaksoni kwa mtoto mchanga mwenye manjano inaweza kuifungua bilirubini damuni na kuipeleka kwenye ubongo, na ikikutana na kalsiamu mshipani huganda vipande vinavyoweza kuziba mapafu. Kwa mtoto aliye chini ya siku 28 anayepewa kalsiamu ya mshipa imekatazwa kabisa. Zaidi ya hapo, kila tunapoikimbilia bila sababu tunawafundisha bakteria kuishinda. Hospitali ya Muhimbili waliliona hilo zamani. Utafiti wao wa watoto wenye maambukizi ya damu, uliochapishwa 2007, ulionesha kwamba bakteria sugu kwa dawa aliyopewa mtoto walikuwa ishara ya kifo. Jenta tuliyonayo tuitumie kwa kipimo chake, tupime damu kwa kuotesha pale maabara inapoweza, na tusimamishe dawa mapema mtoto akithibitika hana maambukizi.

Na masikio. Wengi wa watoto wetu wanaruhusiwa kwenda nyumbani bila kupimwa kusikia. Ukiziwi unakuja kujulikana mtoto ana miaka miwili au mitatu, hajasema neno, na bibi anawatuliza kwamba hata baba yake alichelewa kuongea. Hapo hakuna atakayejua kama ni jenta, au ni sepsisi yenyewe, au manjano, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuwa yote hayo huharibu kusikia. Sitaki lawama yote ipewe dawa. Nataka kila mtoto aliyepewa jenta kwa siku zaidi ya 5 aandikiwe kwenye kadi ya kliniki kwamba apimwe masikio, ili manesi wa kliniki ya chanjo, wanaomwona mtoto mara nyingi kuliko sisi, wajue cha kuuliza.

Ndugu Mganga Mkuu, takwimu za kitaifa unazijua kuliko mimi. Kati ya utafiti wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Ni kazi ya kujivunia, ya chanjo na vyandarua na barabara. Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 vikafika 24 tu, na lengo la dunia kwa 2030 ni 12. Sehemu iliyogoma kushuka ipo kwenye vyumba kama chetu, na sepsisi ni mojawapo ya sababu zake kubwa.

Hatuombi nchi nzima kwa siku moja. Chagueni mkoa mmoja wenye hospitali ya rufaa, hospitali za wilaya na vituo vya afya vyenye huduma ya watoto wachanga. Upelekewe vichupa vya 20 na sirinji za mililita 1 kwa miezi sita, cha 80 kiondolewe kwenye wodi hizo, na mfamasia wa mkoa ahesabu mambo matatu: dozi zilizokosewa na kuripotiwa, vichupa vilivyomwagwa, na watoto waliokosa dozi kwa sababu dawa haikuwepo. Wauguzi watakaoripoti makosa katika kipindi hicho wasiandikiwe barua ya kujieleza, la sivyo hakuna atakayeripoti na hesabu yote itakuwa ya uongo. Majibu yakionesha kwamba nimekosea, rudisheni vichupa vyenu; sisi tutaendelea kuzimua.

Wako katika huduma,

Muuguzi, wodi ya watoto wachanga

Nakala:
Mfamasia Mkuu wa Serikali
Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa
Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga